AFYA YA NYUMBANI: Ngozi Nzima, Ukuta wa Tumbo Umepasuka

Mtaa wa Mutanga Sud, jijini Bujumbura, umekaa katika mteremko. Upande mmoja ardhi yapanda kuelekea milima ya mashariki, na upande wa pili barabara zashuka kuelekea katikati ya jiji na Ziwa Tanganyika. Kaskazini yake lapita korongo la mto Ntahangwa, na ng'ambo ya korongo hilo ndiko Mutanga Nord. Kwa mtoto mwenye baiskeli, mtaa wa namna hiyo una mambo mawili tu: kupanda ni jasho, kushuka ni upepo.

Na ifikiriwe, kwa mfano, nyumba moja ya askari mtaani humo. Baba ni sajini, naye yuko kazini Gitega. Mama amebaki na watoto watatu pamoja na mama mkwe wake. Jumamosi alasiri mtoto wa pili, mvulana wa miaka 9, ashuka mteremko juu ya baiskeli ya kaka yake. Mwendo wake si wa kutisha. Gurudumu la mbele lagonga jiwe, usukani wageuka ghafla, na mtoto auangukia kwa tumbo. Mpira uliofunika ncha ya usukani ulikwisha kutoka siku nyingi, hivyo kilichompokea ni bomba tupu la chuma.

Mtoto ainuka, ajifuta vumbi, aisukuma baiskeli hadi nyumbani. Hakuna damu. Chini kidogo ya kitovu, upande wa kulia, pana alama nyekundu ya duara, mfano wa sarafu iliyobanwa juu ya ngozi. Aulizwapo, ajibu kwamba ameanguka "kidogo tu". Usiku huo akohoa, na mama aliyeshika taa aona jambo la ajabu: kando ya ile alama pamevimba, uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Mtoto atuliapo chali, uvimbe wanywea. Akohoapo tena, warudi.

Bibi asema, "Mwanangu, hiyo ni damu imevilia. Niletee mafuta ya mawese nimkande, kesho atacheza na wenzake."

Mama ajibu kwa adabu, "Mama, nisamehe. Damu iliyovilia haiendi na kurudi. Huu uvimbe unaingia na kutoka. Naomba kwanza aonwe na daktari, ndipo tutajua kama anafaa kukandwa."

Mama apiga simu Gitega. Sauti ya mumewe yatoka na usingizi, kisha yawa ya askari: "Mama watoto, usiningoje mimi. Usingoje hata asubuhi. Mchukue sasa hivi."

Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, na yafaa kila nyumba ijue kwa nini.

UKUTA WA TUMBO NA UFA WAKE

Tumbo la binadamu halina mifupa ya kulikinga kwa mbele kama kifua kilivyo na mbavu. Kinga yake ni ukuta wa nyama. Katikati, kuanzia kifuani hadi kinenani, imeshuka misuli miwili mirefu iliyokaa sambamba. Pembeni, kila upande, ipo misuli mitatu mipana iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na nyuzi za kila tabaka zimeelekea njia yake, kama mbao zilizogundishwa kwa kupishana ili zisivunjike kwa wepesi. Misuli hiyo yote imefungwa kwa utando mgumu mweupe. Ndani kabisa uko utando mwembamba laini ulioyazunguka matumbo.

Ukuta huo ukipata ufa, kilichomo ndani hutafuta njia ya kutoka. Kipande cha utumbo, au mafuta yanayoufunika, husukumwa na kuchungulia chini ya ngozi. Hiyo ndiyo ngiri. Ngiri nyingi zijulikanazo na watu hazikuletwa na pigo. Zipo za kitovu ambazo mtoto huzaliwa nazo, zipo za kinena ambazo hutokea taratibu katika mahali palipo dhaifu tangu mwanzo, na zipo zitokeazo katika kovu la upasuaji wa zamani. Wengine huzichanganya na busha, ambalo ni maji kuzunguka korodani, wala si utumbo.

Ngiri ya pigo ni nyingine kabisa. Huyu ni mtu aliyekuwa na ukuta mzima asubuhi, na jioni ukuta umepasuka, ilhali ngozi haikutoboka. Jambo hilo hutatiza akili ya wengi: yawezekanaje nyama ipasuke na ngozi isalie? Sababu ni kwamba ngozi huvutika kuliko misuli na utando wake. Pigo lijapo, mambo mawili hutukia kwa pamoja. Kwanza, msukumo wa ndani ya tumbo hupanda ghafla, kama mpira uliokanyagwa. Pili, kile kitu kilichopiga huikwaruza na kuivuta misuli kwa mshazari. Ngozi huvutika ikarudi mahali pake. Misuli na utando hushindwa, hukatika.

Ajali ya namna hii ni adimu. Miongoni mwa watu waliopigwa tumboni bila kutobolewa, wasiofika hata mmoja katika kila 100 ndio hupata ngiri. Daktari Selby wa Marekani aliandika habari zake mwaka 1906, na tangu hapo imeelezwa mara kwa mara katika majarida ya tiba. Mwaka 1980 madaktari watatu, Dimyan, Robb na MacKay, waliandika kuhusu ngiri iletwayo na usukani wa baiskeli, na hadi leo madaktari wanaijua kwa jina hilo la usukani. Lakini uadimu wake ndio hatari yake. Kitu kisichoonwa mara kwa mara husahauliwa kirahisi, na uvimbe wake hudhaniwa kuwa damu iliyovilia.

USUKANI, PEMBE NA MKANDA

Madaktari huzigawa ngiri za pigo katika mafungu kwa kadiri ya nguvu iliyopiga.

Fungu la kwanza ni la nguvu ndogo iliyokusanyika mahali padogo. Humo ndimo ulimo usukani wa baiskeli. Mtoto aangukapo, gurudumu la mbele hupinda, na ncha ya usukani hujielekeza tumboni mwake kama rungu. Uzito wote wa mwili huishia juu ya duara la bomba lisilozidi sarafu. Misuli ya mtoto ni myembamba, na ngozi yake yavutika sana. Kwa hiyo yeye huumia kuliko mtu mzima. Si lazima awe katika mwendo wa kasi. Katika fungu hilo hilo huingia pembe ya ng'ombe iliyosukuma bila kutoboa, ncha ya mpini wa jembe, na goti la mchezaji mwenzake katika mpira wa miguu.

Fungu la pili ni la nguvu kubwa iliyoenea: gari lililogongana au kupinduka, mtu aliyeanguka kutoka juu, aliyebanwa na mzigo au ukuta. Hapo ufa huweza kuwa mkubwa sana, na aghalabu huwa pembeni au chini ya tumbo. Mkanda wa gari uliovaliwa vibaya, ukapita juu ya tumbo laini badala ya kukaa juu ya mifupa ya nyonga, huweza kuing'oa misuli pale iliposhikilia mfupa. Hilo lisimfanye mtu auache mkanda, kwani asiyefunga mkanda hupata makubwa zaidi. Lililo wajibu ni kuuvaa sawasawa: sehemu ya chini ikae chini kabisa, juu ya nyonga, na sehemu ya juu ipite kifuani. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo, kamwe usiwe juu yake.

Burundi ni nchi ya baiskeli na milima. Barabara kuu itokayo Bujumbura kuelekea Bugarama hupanda zaidi ya mita 1,000, na mwenye kupita huko huwaona waendesha baiskeli wakishuka na mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, au wakipanda huku wameshikilia mkia wa lori. Mwezi Machi mwaka 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki za abiria na bajaji kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, hatua iliyoelezwa kuwa ya kupunguza ajali. Lakini katazo la katikati ya jiji halimfikii mtoto katika mteremko wa mtaa wake. Huyo mlinzi wake ni mzazi.

MASHAKA YA KAMBINI

Familia za askari na polisi zina sababu yao ya pekee ya kuyajua mambo haya. Kazi yenyewe ina mapigo: kuruka vikwazo, kushindana kwa mieleka, kubebwa nyuma ya lori pamoja na masanduku yasiyofungwa, kuanguka juu ya kitako cha bunduki, kupokea jiwe au rungu wakati wa kutuliza ghasia. Askari aliyezoezwa kustahimili maumivu hujikaza. Huona haya kwenda kwa mganga wa kikosi kwa ajili ya "uvimbe mdogo", au huogopa kuondolewa katika mafunzo na safari. Akafunga mkanda wake kwa nguvu na kuendelea.

Huo si ushujaa. Waliosema kwamba mficha maradhi kilio humfichua hawakumtoa askari. Uvimbe uliofichwa leo huweza kunasa utumbo mwezi ujao, mahali palipo mbali na mpasuaji yeyote, na hapo wenzake wanne wataacha kazi ili wambebe. Tena kuna jambo la haki yake. Daktari atakayeulizwa kama ngiri imetokana na kazi ataangalia mambo haya: je, kabla ya hapo palikuwa na uvimbe? Je, ulionekana mara baada ya pigo? Je, maumivu na alama vilikuwa mahali hapo hapo? Aliyetoa taarifa siku ile ile, ikaandikwa pamoja na saa na namna ya ajali, ana ushahidi. Aliyekaa kimya miezi mitatu amebaki na maneno matupu.

Hali kadhalika kuna wajibu kwa wengine. Mtu aliye mikononi mwa polisi akilalamika tumbo baada ya purukushani, hata kama ngozi yake haina mchubuko, hana budi kuonwa na mganga. Tumbo halijui mwenye magwanda na asiye nayo, wala utumbo uliopasuka haungoji mwisho wa zamu.

NYUMA YA UVIMBE

Laiti shida ingekuwa uvimbe peke yake, pengine haraka isingekuwa kubwa hivyo. Lakini pigo lililoweza kupasua ukuta limekwisha kufika ndani. Utumbo huweza kutoboka, au ule utando unaoushikilia na kuupelekea damu huweza kuchanika. Usukani ukimpiga mtoto juu ya kitovu, huweza kuubana mwanzo wa utumbo mwembamba na kongosho dhidi ya uti wa mgongo. Upande wa kulia chini ya mbavu liko ini. Upande wa kushoto iko bandama. Katika nchi zenye malaria nyingi bandama huweza kuwa imevimba tangu zamani, na bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo dogo kuliko ile nzima.

Baya zaidi ni kwamba mambo hayo hayajitangazi papo hapo. Mtoto huweza kutembea, kula, hata kucheka, na ishara zikaja baada ya saa nyingi, pengine siku ya pili au zaidi. Ndiyo maana ile alama ya duara ya usukani, ijapokuwa ndogo, hairuhusiwi kudharauliwa.

Dalili zifuatazo zampasa mtu apelekwe hospitali bila kukawia baada ya pigo la tumbo:

Uvimbe uliotokea mahali palipopigwa, hasa ukiongezeka mtu akohoapo, aliapo au asimamapo, na kupungua alalapo.

Alama ya usukani, ya mkanda wa gari au ya kitu kingine iliyochapwa juu ya ngozi ya tumbo.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au tumbo lililojaa na kuwa gumu kama ubao.

Kutapika, hasa matapishi ya kijani au ya damu. Kushindwa kutoa hewa au choo.

Damu katika mkojo au chooni. Maumivu ya bega la kushoto yasiyo na sababu.

Kizunguzungu, jasho baridi, midomo kupauka, moyo kwenda mbio. Hizo ni dalili kwamba damu inavuja ndani.

Na kwa mtu ambaye ngiri yake yajulikana tayari: uvimbe uliokuwa ukirudi ukakataa kurudi, ukawa mgumu, wenye kuuma sana, na ngozi juu yake ikabadilika rangi. Hapo utumbo umenaswa, na damu haiufikii. Utumbo uliokosa damu hufa katika muda wa saa chache. Huyo hangoji kupambazuke.

Yeyote asijaribu kupambanua nyumbani, kwa kubonyeza na kuvuta, kama uvimbe ni damu au ni utumbo. Jicho litazame, mkono utulie.

YANAYOFAA NA YASIYOFAA

Kabla ya kufika hospitali, majeruhi alazwe chali, magoti yakunjwe na kuwekewa mto au nguo iliyoviringishwa chini yake, ili misuli ya tumbo ilegee. Akitaka kutapika, ageuzwe ubavu. Afunikwe asipate baridi. Asipewe chakula wala kinywaji, hata chai ya kumtuliza, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi ya upasuaji, na tumbo lililojaa ni hatari wakati huo. Mtu mmoja ashike kumbukumbu ya saa ya ajali, namna ilivyotokea, na kitu kilichopiga. Kumwambia daktari "aliangukia ncha ya usukani" ni msaada mkubwa kuliko kumwambia "alianguka".

Tumbo lisikandwe. Hili lahitaji kusemwa kwa heshima, kwa sababu mikono ya kina bibi imeponya viungo vingi vilivyoteguka, wala hakuna anayeidharau. Lakini kifundo cha mguu si tumbo. Mkono wenye mafuta ukikanda juu ya utumbo uliotoboka hueneza uchafu wake ndani, na ukikanda juu ya mshipa unaovuja hufungua upya kilichokuwa kimeanza kuziba. Vilevile uvimbe usisukumwe kurudi ndani, usifungwe kwa kanga iliyokazwa, usichanjwe wala kupakwa dawa ya kuunguza. Aliyeumia asipewe dawa ya kuharisha kwa kisingizio cha kusafisha tumbo.

Asibebwe tena juu ya baiskeli iliyomwangusha. Itafutwe gari, hata kama ni la jirani asiyezoeana na nyumba hiyo. Kutoka Mutanga Sud, Kamenge iko upande wa kaskazini, ng'ambo ya Ntahangwa. Huko ziko Hospitali ya Kijeshi na Hospitali ya Chuo Kikuu, ile ambayo wengi bado waiita kwa jina la Mfalme Khaled. Mjini ziko Hospitali ya Prince Régent Charles na Kliniki ya Prince Louis Rwagasore. Wazazi wapatane mapema, siku ya amani, ni ipi watakayoiendea usiku na kwa gari la nani. Usiku wa ajali si wakati wa mashauri.

KAZI YA HOSPITALI

Hospitalini daktari ataanza na lililo la hatari kuliko yote: pumzi, mapigo ya moyo, damu. Ndipo atakapolitazama tumbo, kulisikiliza na kulipapasa kwa utaratibu alioufundishwa. Picha ya mawimbi ya sauti huweza kuonyesha ufa katika misuli na damu iliyojikusanya ndani. Mashine ya skani, pale ilipo, huonyesha zaidi: ukubwa wa ufa, kilichotoka, na hali ya ini, bandama na kongosho. Lakini hata mahali pasipo na mashine hiyo, daktari mwangalifu amwonaye mgonjwa tena na tena, kila baada ya saa chache, hugundua mengi. Kwa hiyo familia isikasirike mtoto anapolazwa "kwa kutazamwa tu". Kutazamwa huko ni tiba.

Tiba ya ufa wenyewe ni upasuaji. Mpasuaji hukagua kwanza utumbo na viungo vingine, hushona palipotoboka, kisha huirudisha misuli tabaka kwa tabaka. Kwa mtoto mwenye ufa mdogo nyuzi pekee aghalabu hutosha. Kwa mtu mzima mwenye ufa mpana, ukuta huimarishwa kwa kipande cha wavu maalumu. Lakini kama utumbo ulitoboka na uchafu ukamwagika, wapasuaji wengi huuepuka wavu huo, usije ukaota usaha. Mgonjwa aliyepoteza damu nyingi huokolewa uhai kwanza, na ukuta wake huweza kungoja upasuaji wa baadaye. Kungoja huko ni uamuzi wa daktari aliyejua kilichomo ndani, wala kusifananishwe na kungoja kwa mtu aliyejificha nyumbani.

Akirudi nyumbani, kazi huwa ya jikoni na ya subira. Mgonjwa atembee mapema, polepole, kama alivyoelekezwa. Akitaka kukohoa au kucheka, abane mto laini juu ya kidonda. Choo kigumu ni adui wa mshono kwa sababu humlazimu mtu kujikamua. Basi chakula kiwe na maharage, lengalenga, isombe, papai na maji ya kutosha, kwa kadiri daktari atakavyoruhusu. Mvuta sigara aache, kwani kikohozi chake huuvuta uzi. Ndoo za maji, magunia, mazoezi ya kijeshi na mpira vingoje. Kwa kawaida muda huo ni wiki 6 hadi 8, lakini neno la mwisho ni la mpasuaji. Mkubwa wa kikosi apelekewe cheti, naye akiheshimu. Askari aliyerudishwa kwenye gwaride kabla ya wakati huweza kurudi hospitali kabla ya mwisho wa mwezi.

Kinga ni rahisi kuliko yote hayo. Ncha za usukani zifunikwe daima. Zikiachwa wazi, baiskeli isitumike. Usukani ukazwe usizunguke ovyo. Breki zote mbili zijaribiwe kabla ya kushuka, si wakati wa kushuka. Baiskeli ilingane na kimo cha mtoto, miguu yake ifike chini. Mtoto mdogo asipakiwe mbele, kati ya tumbo la mwendeshaji na usukani. Kwenye lori la kikosi mizigo ifungwe, na watu wakae mbali na masanduku.

KURUDI NYUMBANI

Yule mvulana wa mfano alipasuliwa usiku ule ule. Ufa ulikuwa wa vidole viwili, na nyuma yake palikuwa na tundu dogo la utumbo, ambalo kwa macho ya nje lisingeonekana kamwe. Mkono wa kumkanda ungemfikisha pabaya kabla ya Jumatatu. Mpasuaji alipomweleza mama habari hiyo, mama hakumrudia mkwewe kwa lawama. Alimwambia tu, "Mama, daktari amesema tulifika mapema." Bibi naye akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, ulinizuia kwa adabu. Mungu akubariki."

Sajini aliporudi kwa ruhusa ya siku chache, alimkuta mtoto ameketi kitandani akila uji, na mto juu ya tumbo. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, uani. Wengine wangeiuza kwa hasira. Yeye alichonga vijiti viwili vya mti mgumu, akavipigilia ndani ya ncha za usukani. Bibi akakata mpira wa gurudumu kuukuu, akauzungusha juu yake tabaka kwa tabaka na kuukaza kwa meno na vidole, kama afungaye dawa. Kazi ilichukua nusu saa, na haikugharimu hata faranga moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ile ukuta ulikwisha kujengwa upya na mpasuaji. Ndipo ufa wa kwanza, ule wa ncha ya bomba, ulipozibwa. Nyumba nyingine yaweza kuanza na ufa, leo hii kabla ya magharibi, kwa kwenda uani na kuzitazama ncha mbili za usukani.